Maji ya Kasulu Huishia Wapi

Kwa sisi tuliozaliwa katika milima ya Kasulu, bahari ilikuwa habari ya kusikia. Ziwa tulilijua, maana baba zetu walikwenda Ujiji kwa miguu wakarudi na migebuka mikavu, na wakipitia Uvinza walikuja na chumvi. Lakini bahari ilikuwa kitu cha kwenye redio na cha kwenye vitabu. Mimi niliiona kwa mara ya kwanza mwaka 1971, nikiwa kijana wa miaka 20, nilipopelekwa kusomea ualimu katika chuo kimoja cha Mtwara. Treni kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam, kisha safari ya kusini ambayo hata leo sipendi kuikumbuka. Nilipofika nilichota maji kwa kiganja nikayaonja, kama afanyavyo kila mtu wa bara, na wenyeji wakanicheka.

Mkufunzi wetu wa jiografia alitupeleka Mikindani siku ya Jumamosi. Alitusimamisha ufukweni, akanyoosha mkono akasema, "Hii ndiyo ghuba. Muwaambie watoto mliiona." Maji yalikuwa yametulia kama ya kwenye beseni, mikoko ikiwa imeyazunguka, na mlango wa kutokea baharini ulikuwa mwembamba. Alitueleza kwamba ni kutoka hapo David Livingstone alianza safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Niliandika kila neno. Na kwa miaka mingi baadaye, kila nilipotamka neno ghuba mbele ya darasa, picha iliyonijia kichwani ilikuwa hiyo ya Mikindani, hata nilipokuwa nikisema habari za Ghuba ya Bengal ambayo ina ukubwa wa zaidi ya mara mbili ya Tanzania nzima.

Nilirudi nyumbani mwaka 1973 nikapangiwa shule ya msingi katika wilaya ya Kasulu. Darasa la Sita niliwafundisha ghuba kama nilivyofundishwa. Tulichimba udongo wa mfinyanzi kando ya mto tukatengeneza ramani ya Afrika chini ya mwembe, tukamwaga maji pembeni yawe bahari. "Ghuba ni sehemu kubwa ya bahari iliyoingia ndani ya nchi kavu." Watoto walikariri kwa sauti moja, kisha wakayataja majina: Bengal, Mexico, Guinea, Aden, Uajemi. Hakuna aliyeuliza jambo. Mtoto anayeamka alfajiri kuchota maji ya mto Ruchugi ataulizia nini Ghuba ya Guinea?

Ikaja siku ya kuuliza, au niseme ya kujibu. Mwaka 1976, katika mtihani wa mwisho wa mwaka, niliweka swali jepesi: Mito mikubwa ya Tanzania humwaga maji yake katika bahari gani? Jibu nililolitaka lilikuwa Bahari ya Hindi. Mtoto mmoja, mwembamba, ambaye hakuwa miongoni mwa wale watano wa mbele, aliandika hivi: "Mingine Bahari ya Hindi. Wa kwetu Atlantiki." Nikampiga mkasi.

Alikuja mezani na karatasi yake. Siku zile jambo hilo lilihitaji ushujaa. Akasema, "Mwalimu, babu yangu alifanya kazi Albertville wakati wa Wabelgiji. Anasema kule ziwa limetoboka, maji yanatoka yanakwenda kuingia mto Kongo. Na mto Kongo wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba unaingia Atlantiki."

Darasa zima lilinyamaza. Nilimwambia kwamba ziwa si sufuria hata litoboke. Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka, akarudia tena kwamba babu yake aliona kwa macho. Nikampa fimbo tatu kwa ubishi.

Katika likizo ya Desemba nilifungua kabati la shule nikatoa atlasi. Sijui nilikuwa natafuta nini. Labda nilitaka kuthibitisha kwamba nilikuwa sawa. Nilifuata kwa kidole ukingo wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, na hapo Albertville, ambayo wakati huo ilikuwa tayari imeitwa Kalemie, palikuwa na mstari mwembamba wa buluu ukitoka ziwani kuelekea magharibi. Mstari ule ulikuwa na jina: Lukuga. Niliufuata hadi mto Lualaba, na Lualaba nikaufuata hadi Kongo. Nikaifunga atlasi. Januari mtoto yule alikuwa Darasa la Saba, na mimi sikusema neno, kwake wala kwa darasa. Alimaliza mwaka 1977, na katika majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari, ambayo kwa wilaya yetu yalikuwa machache sana, lake halikuwemo. Sisemi kwamba ni kwa sababu ya fimbo zangu. Nasema tu kwamba yeye alikuwa amewaza mwenyewe, ameunganisha neno la babu yake na neno la mwalimu wake akapata la tatu, na hiyo ndiyo elimu yenyewe. Nami nililiona hilo nikiwa peke yangu kabatini.

Tangu siku hiyo nilianza kuufuatilia mto wetu kama mtu anayefuatilia deni. Mto Malagarasi una tabia ya ajabu. Unaanzia katika vilima vya mpakani na Burundi, si mbali sana na ziwa, lakini badala ya kuteremka moja kwa moja unalipa ziwa mgongo. Unakwenda kwanza kaskazini mashariki ukiwa mpaka wa nchi, kisha unageuka kusini kupitia nchi ya Kibondo, unapokea mto Muyovozi katika mabwawa makubwa ya mafunjo, ndipo unapokumbuka magharibi. Karibu na Uvinza unapokewa na Ruchugi wetu wa Kasulu, halafu unaingia ziwani kusini ya mji wa Kigoma. Mabwawa yale ni makubwa mno. Mwaka 2000 eneo la Malagarasi na Muyovozi, zaidi ya hekta milioni 3, liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu kwa dunia, nalo lilikuwa la kwanza kwa Tanzania. Huko ndiko anakoishi yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu.

Wataalamu wanasema Malagarasi ni mkongwe kuliko ziwa lenyewe. Kabla ardhi haijapasuka na kufanya lile bonde ambalo leo lina kina cha mita 1,470, mto ulipita moja kwa moja ukaelekea Kongo. Ziwa lilikuja baadaye likaukata katikati. Ndiyo maana wako samaki katika Malagarasi ambao ndugu zao hawamo ziwani, wamo ng'ambo, katika mto Kongo. Samaki hao walikuwa wanajua jibu la mtihani wangu kabla sijazaliwa.

Na hata huko "kutoboka" alikokusema yule mzee wa Albertville kuna historia yake. Mwaka 1874 Mwingereza Cameron alifika mahali Lukuga inapotokea akaona kwamba maji yanatoka. Stanley alipofika mwaka 1876 alikuta pameziba kwa tope na mafunjo, maji hayatembei, wakabishana katika vitabu vyao. Wote wawili walikuwa sawa. Mlango ule huziba ziwa linaposhuka kwa miaka mingi, na ziwa likijaa hupasuliwa. Mwaka 1878 ziwa lilipanda likavunja kizuizi, na katika miaka iliyofuata likashuka karibu mita 10. Ujiji ya zamani ilibaki mbali na maji, na ndiyo sababu mgeni anayeonyeshwa ule mnara wa Stanley na Livingstone hushangaa kuambiwa kwamba ufuko ulikuwa hapo karibu.

Mwaka 1997 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule iliyo katika njia ya kwenda Nyarugusu. Kambi ilikuwa imefunguliwa mwaka uliotangulia, na watu kutoka Kivu na Katanga walikuwa wamevuka ziwa kwa maelfu wakikimbia vita. Siku moja alifika ofisini kwangu mzee mmoja mwenye suti iliyochakaa lakini imepigwa pasi, akanisalimu kwa Kiswahili cha Kongo, akajitambulisha kuwa ni mwalimu. Alikuwa amekuja kuomba vipande vya chaki kwa ajili ya watoto wa kambini. Nilimpa kasha zima. Tukakaa, tukanywa chai, na kama ilivyo kawaida ya walimu wa jiografia wanapokutana, baada ya nusu saa tulikuwa tumechuchumaa nje tukichora chini kwa vijiti.

Yeye ndiye aliyenimalizia safari. Alichora Kalemie, akachora Lukuga ikiingia Lualaba, kisha Kindu, kisha maporomoko ya Wagenia, ambako wavuvi husimika miti mikubwa katikati ya maji yanayochemka na kutega mitego kama vikapu, kisha Kisangani, alikosomea. Kutoka hapo mto unapinda kama upinde, unavuka Ikweta mara ya pili, unapita Mbandaka, unapanuka, unafika Kinshasa. Halafu maporomoko tena, Inga, na chini yake Matadi, ambako meli za bahari hutia nanga. Boma. Banana. Hapo akachomeka kijiti akasema, "Mwalimu mwenzangu, maji yenu ya hapa, yale yanayofika, yanafika hapa." Nikamwambia habari ya mtoto wa 1976. Alikuwa mtu wa kwanza kuambiwa. Alinitazama kwa muda, akasema kwamba hata yeye alikuwa na watoto wake wa namna hiyo, akaomba chai nyingine.

Aliposema "yale yanayofika" alikuwa amepima maneno yake. Mtu asidhani kwamba kila tone la Ruchugi linafika Banana. Sehemu kubwa sana ya maji yanayoingia Ziwa Tanganyika huondoka kwa kupaa kama mvuke, na ni sehemu ndogo tu inayotoka kwa njia ya Lukuga. Kwa hiyo jibu kamili la mtihani ule lingekuwa: mengi yanakwenda mawinguni, na yanayobaki yanakwenda Atlantiki. Katika nchi yetu mvua hugawanyika kwa njia nyingi. Pangani, Ruvu, Rufiji na Ruvuma huenda Bahari ya Hindi. Ruvubu ya Ngara, jirani zetu wa kaskazini, huingia Kagera, ikaenda Ziwa Victoria na mto Nile hadi Bahari ya Mediterania. Maji ya Rukwa, Eyasi na Natron hayafiki bahari yoyote. Mimi nilikuwa nimelifupisha jambo lote hilo kuwa maneno mawili ya kuwekewa vema.

Sasa niseme kuhusu hiyo ghuba yenyewe, maana baada ya kustaafu mwaka 2011 niliisoma kama mtu anayesoma habari za shamba lake la mbali. Mabaharia na wachora ramani huhesabu Ghuba ya Guinea kutoka Rasi Palmas, Liberia, hadi Rasi Lopez, Gabon. Mdomo wa mto Kongo uko nje kidogo ya mpaka huo, kama digrii 6 kusini ya Ikweta. Lakini maji hayasomi ramani. Kongo humwaga kwa wastani mita za ujazo 40,000 na zaidi kila sekunde, na duniani ni Amazon tu unaoushinda. Maji hayo matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa hiyo huelea juu kama mafuta juu ya mchuzi, na mikondo huyasukuma mamia ya kilomita kuelekea kaskazini na magharibi, yakiwa na rangi ya chai.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ghuba mbili zinaweza kulichangia jina tu. Wakati wa Vita vya Ghuba mwaka 1991 wanafunzi walisikia neno hilo kila jioni kwenye Redio Tanzania, na siku hizi kijana wa Kasulu ukimtajia Ghuba anafikiri kazi za Doha na Muscat. Ghuba ile ya Uajemi ni ya maji mafupi, kina chake kwa wastani hakifiki mita 50. Jua ni kali, mvua haba, mito michache, na mlango mmoja mwembamba wa Hormuz. Maji hupaa kuliko yanavyoingia, na chumvi inazidi ya bahari kuu. Ghuba ya Guinea ni kinyume chake. Iko wazi kwa bahari kuu, mvua inanyesha juu yake karibu mwaka mzima, na Niger, Volta, Sanaga na Ogooué zote zinamwaga humo, hata maji ya juu upande wa mashariki yanapungukiwa chumvi. Kandokando ya mdomo wa Niger iko mikoko mingi kuliko mahali pengine popote Afrika, na samaki wengi wa ghuba hulelewa humo wakiwa wadogo. Mikoko hiyohiyo ndiyo iliyolowa mafuta baada ya visima kuanza kuchimbwa Nigeria, kuanzia Oloibiri mwaka 1956. Upande wa Gabon, kasa wale wakubwa wa mgongo wa ngozi hupanda usiku kutaga mayai kwa maelfu.

Jambo lililonifurahisha zaidi ni la Ghana na Ivory Coast. Kuanzia Julai hadi Septemba maji baridi huibuka kutoka chini karibu na pwani, yakileta rutuba iliyokuwa imelala vilindini, na dagaa wa bahari hujaa ghafla. Wavuvi wanatoka na mitumbwi mirefu iliyopakwa rangi. Wavuvi wa Kigoma wanaifahamu habari hiyo kwa sura nyingine. Upepo wa kusini unapovuma kuanzia Mei hadi Agosti husukuma maji ya juu ya Ziwa Tanganyika kuelekea kaskazini, na kule mwisho wa kusini maji ya chini yenye rutuba hupanda. Siku hizi, hata hivyo, wavuvi wa pande zote mbili wanalalamika jambo moja, kwamba samaki wanapungua. Wale wa kule wanazilaumu meli kubwa za kigeni. Wa kwetu wanalaumu nyavu za macho madogo, na wanalaumiana.

Chini ya maji yale matamu ya Kongo kuna jambo ambalo lingemfurahisha mkufunzi wangu wa Mikindani. Mto una korongo sakafuni mwa bahari, linaloanzia ndani ya mdomo wenyewe na kuendelea mamia ya kilomita hadi kwenye vilindi. Januari 2020, baada ya mafuriko makubwa ya Kongo, tope na mchanga viliporomoka ndani ya korongo hilo vikasafiri zaidi ya kilomita 1,100 chini ya bahari. Vilikata kebo za mawasiliano, na intaneti ikazorota katika nchi nyingi za Afrika Magharibi.

Huku kwetu, msimu huohuo, ziwa lilianza kupanda. Mwaka 2021 nilikwenda Kigoma kutazamwa macho, nikashuka Kibirizi kuona kwa macho hayohayo yale niliyoyasikia. Maji yalikuwa yameingia katika nyumba na vibanda, miti ilikuwa imesimama ziwani, watu wakivuka kwa mitumbwi mahali walipokuwa wakipita kwa miguu. Mwanamume mmoja mwenye mvi alikuwa anahamisha mabati. Alinitazama, akaweka bati chini, akaja.

"Shikamoo Mwalimu."

Nilimtambua kwa wembamba. Alikuwa ameshuka ziwani tangu miaka ya themanini, akavua, akanunua injini, akawa na wajukuu. Nyumba iliyokuwa inabomolewa ilikuwa yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa mazungumzo hayo kwa miaka 45, na yote niliyoyaandaa yakanitoka. Nikamwambia tu kwamba mwaka 1976 nilimchapa fimbo tatu kwa jibu la mto, kwamba jibu lake lilikuwa sahihi, na kwamba nililijua hilo tangu Desemba ya mwaka uleule nikanyamaza. Nikamwomba radhi.

Alikunja uso kama anayetafuta kitu mfukoni. "Fimbo zilikuwa nyingi, Mwalimu," alisema kwa upole. "Hiyo ni ipi?"

Nikamkumbusha habari ya babu yake na Albertville. Hapo akacheka, si kwa sababu ya fimbo, bali kwa kumkumbuka babu. Akanivutia gogo nikae, na yeye akachuchumaa, akatazama maji yaliyokuwa yanagusa msingi wa nyumba yake.

"Sasa Mwalimu, wewe umesoma," akasema. "Kule linakotoboka, kumeziba?"

Nikamweleza nilivyojua: kwamba mvua za miaka ile miwili zilikuwa nyingi kupita kawaida, kwamba Lukuga ni mlango mmoja tu na hauwezi kutoa kwa haraka yanayoingia kwa mito yote, kwamba mwaka 1878 pia maji yalipanda hivyo, kisha yakashuka. Aliuliza yalishuka baada ya muda gani. Nikamwambia, miaka. Alitikisa kichwa, akainuka, tukashika bati kila mtu upande wake tukalipeleka juu ya barabara.